Simu, kadi, mlangoni au polepole: njia zipi za malipo uziweke kwenye duka lako la mtandaoni

Mteja ameshachagua bidhaa, ameandika anakokaa, amebonyeza "Lipa". Kuanzia hapo hadi jibu la ndiyo au hapana lirudi, mauzo hayako tena mikononi mwako. Yako kwa mtandao wa simu, au benki, au kampuni ya mikopo, au kwa bodaboda aliyebeba mzigo bila uhakika wa kulipwa. Wenye maduka wengi hulinganisha njia za malipo kwa makato, au kwa wingi wa nembo zilizopangwa chini ya ukurasa. Makato yaangaliwe, lakini naamini kipimo kinachoamua ni kingine: katika kila njia, nani anatoa idhini, anaitoa lini, na akikataa, mteja anabaki na nafasi gani ya kulipa kwa namna nyingine kabla hajakata tamaa na kuondoka.

Ninaowaandikia ni wenye maduka madogo na ya kati ya Kenya na Tanzania, wale wenye tovuti yao au wanaotaka kuhama kutoka kuuza kwa ujumbe wa WhatsApp. Njia nitakazozipambanisha ni zile ambazo wateja wenu wanazitumia kila siku.

Ombi la kwenye simu dhidi ya namba ya kulipia

Kwa mteja zote mbili ni pesa za simu. Kwa duka ni kazi mbili tofauti kabisa.

Ombi la kwenye simu ni lile ambalo Kenya wanaliita STK push na Tanzania mara nyingi USSD push. Mteja anaandika namba yake kwenye ukurasa wako, kidirisha kinatokea kwenye skrini kikitaja jina la biashara na kiasi, anaweka namba ya siri, kwisha. Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mlango wa huduma hii kupitia Daraja, lango lake la kuunganisha programu na M-Pesa, mwaka 2017, na mitandao ya Tanzania nayo ina huduma za namna hiyo. Ubora wake mkubwa ni kwamba kiasi hakikosewi, jina la duka halikosewi, na malipo yanajiunganisha yenyewe na oda husika.

Namba ya kulipia, yaani till au Paybill kwa Kenya na Lipa Namba kwa Tanzania, inamwachia mteja kazi yote. Anatoka kwenye ukurasa wako, anafungua menyu, anaandika namba, anaandika kiasi, anahakiki jina, kisha anarudi kukuambia amelipa. Hapo ndipo 45,000 inapogeuka 4,500, na ndipo unapopokea pesa usiyojua ni ya oda gani. Kama utatumia njia hii kwenye tovuti, kuna tofauti moja ndogo yenye uzito mkubwa: Paybill ina sehemu ya kuandika akaunti, kwa hiyo mteja anaweza kuweka namba ya oda, till haina. Duka la mtaani halihitaji sehemu hiyo kwa kuwa mteja amesimama mbele ya muuzaji. Duka la mtandaoni linaihitaji sana, maana malipo mawili ya kiasi kimoja yakiingia ndani ya dakika tano, bila namba ya oda huna namna nzuri ya kuyatenganisha.

Basi ombi la simu linashinda? Kwa siku ya kawaida, ndiyo, na kwa mbali. Lakini lina udhaifu wake, na namba ya kulipia ndiyo tiba. Kidirisha kinadumu kama dakika moja tu. Mteja ambaye laini yake yenye pesa iko kwenye kitochi kilichobaki chumbani, au yuko mahali mtandao unakuja na kupotea, hataliona ombi lako kwa wakati. Akijaribu mara mbili likamkwepa, ataondoka. Akiona chini yake maandishi yanayosema "Ombi halijafika? Lipia mwenyewe kwa namba hii, kumbukumbu ya oda ni hii", anabaki. Ndiyo maana siiweki namba ya kulipia sambamba na ombi kama chaguo la pili. Naiweka ijitokeze pale tu ombi linapokwama.

Hapa kuna jambo ambalo maduka mengi hulipuuza, nami naliona ndilo lenye faida kubwa kuliko kuongeza njia mpya yoyote. Ombi la simu likishindikana, mfumo hausemi tu "imeshindikana". Unasema kwa nini. Kwenye Daraja, jibu la 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mteja mwenyewe ameghairi. 1037 ni simu haikupatikana au muda umekwisha bila kujibiwa. 2001 ni namba ya siri imekosewa. 1001 ni laini hiyo ina muamala mwingine unaoendelea. Hizo ni hali tano tofauti, na kila moja inahitaji msaada wake. Mwenye salio pungufu aonyeshwe kulipa sehemu au kulipa kwa kadi. Aliyeghairi aulizwe kama anataka kubadilisha namba au njia. Ambaye simu haikupatikana atumiwe ombi tena au apewe namba ya kulipia. Mwenye muamala unaoendelea aambiwe asubiri kidogo kisha ajaribu. Ukiwapa wote ujumbe mmoja wa "Malipo yameshindikana, jaribu tena", umemrudisha mwenye salio pungufu kwenye kosa lile lile, na umemfanya aliyekosea namba ya siri adhani duka lako ni bovu.

Kuna mtego mwingine wa kitaalamu ambao mwenye duka anapaswa kuujua hata kama haandiki programu mwenyewe. Duka likituma ombi, jibu la kwanza linalorudi na sifuri maana yake ni "ombi limepokelewa". Halimaanishi pesa imelipwa. Jibu la malipo huja baadaye, likiwa peke yake, baada ya mteja kuweka namba ya siri. Muulize fundi wako waziwazi: oda inawekwa "imelipwa" kwa jibu lipi? Akikuambia la kwanza, unagawa mali bure. Na lile la pili likipotea njiani, kama inavyotokea, mfumo uulize hali ya muamala kabla ya kumwambia mteja alipe upya. Mteja aliyekatwa mara mbili kwa kiatu kimoja harudi, hata ukimrejeshea pesa siku hiyo hiyo.

Unyumbufu mwingine usiogharimu kitu: sanduku la namba ya simu ya mlipaji liwe tofauti na sanduku la namba ya mpokeaji. Kwetu anayenunua, anayelipa na anayepokea mara nyingi ni watu watatu. Binti anachagua, mjomba analipa, bibi anapokea Tanga. Duka linalolazimisha namba moja kwa kazi zote tatu linakataa pesa za mjomba.

Kwa Tanzania, mteja aweze kuchagua mtandao. Kenya M-Pesa imetawala kiasi kwamba duka linaweza kuanza nayo peke yake na kuongeza Airtel Money baadaye. Tanzania haiko hivyo: kuna M-Pesa ya Vodacom, Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, Airtel Money, HaloPesa, na kila mmoja una watu wake. Mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ya Tanzania umeunganisha mitandao na mabenki, kwa hiyo kulipa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kunawezekana, lakini bado mteja anajisikia nyumbani akiona jina la mtandao wake.

Simu dhidi ya kadi

Huu ndio ulinganisho unaohitaji muda zaidi, kwa sababu neno "kulipa" linaficha mambo mawili ambayo kadi huyatenganisha na simu huyaunganisha.

Kadi ina hatua ya idhini na hatua ya kuchukua. Kwenye idhini, benki iliyotoa kadi inakagua salio, inakagua dalili za wizi, kisha inakizuia kiasi hicho kwenye akaunti ya mteja. Pesa bado iko kwake ila hawezi kuitumia. Wewe unakuja kuichukua baadaye, mzigo ukiwa tayari, na unaweza kuchukua yote, kuchukua pungufu, au kuiachia kabisa. Ombi la kwenye simu tulilolizungumzia halina chumba hicho cha kungojea. Namba ya siri ikikubaliwa, pesa imeshahama.

Tuseme mama ameagiza jozi tatu za viatu vya shule, kila moja shilingi 30,000, na baada ya malipo unagundua saizi moja imekwisha. Kwa kadi umezuia 90,000. Unachukua 60,000 na kuiachia 30,000. Mteja hajapoteza chochote. Kwa simu umeshapokea 90,000, na sasa lazima urudishe 30,000 kwa muamala mpya wenye gharama zake, tena uwe umejisajili kwa huduma ya kutuma pesa kutoka akaunti ya biashara kwenda kwa mteja, ambayo haiji yenyewe pamoja na huduma ya kupokea. Wengi hawana. Wanarejesha kutoka kwenye simu binafsi ya mwenye duka, na mwisho wa mwezi hesabu hazikutani.

Kutokana na hili nina ushauri ninaousimamia: kama bidhaa zako ni za kipande kimoja kimoja, au rafu ya duka na orodha ya tovuti hazilingani kila saa, usitume ombi la simu papo hapo. Pokea oda, hakiki mzigo upo, mtumie mteja ujumbe kwamba ombi linakuja, kisha tuma ombi. Mteja atangoja nusu saa. Hilo ni dogo kuliko kungoja marejesho siku tatu. Mwenye kadi hahitaji kungoja: zuia mara moja, hakiki, chukua.

Lakini kuzuia nako kuna kikomo. Idhini ya kadi huisha baada ya siku chache, mara nyingi kama wiki moja kutegemea mtandao wa kadi na aina ya biashara. Fundi wa makabati anayehitaji wiki tatu asijidanganye kwamba pesa imezuiwa inamngoja. Achukue malipo ya awali na aombe idhini mpya ya salio kazi ikikamilika. Na oda ikighairiwa, iachie idhini siku hiyo hiyo, usiiache ife yenyewe. Mteja anaona salio lake limepungua. Haelewi tofauti ya kuzuiwa na kukatwa, na wala si wajibu wake kuielewa.

Upande wa usalama, kadi ina hatua ya ziada ya uthibitisho, 3-D Secure, ambapo benki humtumia mteja namba ya mara moja kwa ujumbe au humtaka athibitishe kwenye programu ya benki. Hatua hii hupoteza baadhi ya wateja, hasa wale walio safarini ambao laini yao ya nyumbani haipokei ujumbe huko walipo. Hata hivyo iache iwe wazi. Malipo yaliyothibitishwa hivyo, ikija kugundulika kadi iliibwa, kwa kawaida hasara inabebwa na benki iliyotoa kadi na si duka. Tena kwa wateja walio Ulaya ina uzito zaidi: kanuni za malipo za Umoja wa Ulaya, PSD2, zilizoanza kazi kwa jambo hili 14 Septemba 2019, zinazitaka benki zithibitishe mteja kwa njia mbili kwa sehemu kubwa ya malipo ya mtandaoni, ingawa malipo yanayopokelewa na benki iliyo nje ya Ulaya hayabanwi kwa ukali huo. Duka lisilo na hatua hiyo linaweza kuona baadhi ya kadi za Ujerumani na Uholanzi zikikataliwa bila kujua sababu.

Kuna hasara nyingine ambayo uthibitisho hauiondoi. Mwenye kadi anaweza kwenda benki yake na kudai mzigo haukufika, na kwa aina nyingi za madai Visa na Mastercard humpa takriban siku 120. Pesa inaweza kurudishwa kwake wewe ukiwa umeshaitumia kununua mzigo mpya. Kinga ni ushahidi wa kupokelewa: sahihi, picha, au namba ya siri ya oda ambayo mpokeaji humtajia msafirishaji. Nalisema hili kwa haki ya mteja pia. Kwenye pesa za simu, mnunuzi aliyetapeliwa hana kinga rahisi namna hiyo, na ndiyo sababu mtu asiyekujua anaweza kusita kukulipa kwa simu lakini akakubali kwa kadi. Uwepo wa kadi kwenye ukurasa unampa imani hata yule atakayeishia kulipa kwa simu.

Majibu ya kukataliwa kwa kadi nayo yasomwe. 51 ni salio halitoshi, 54 ni kadi imekwisha muda, 05 ni benki imekataa bila kueleza. Mwenye 54 aambiwe aangalie tarehe. Mwenye 51 aonyeshwe kulipa kwa simu au kwa awamu. Mwenye 05 asisukumwe kurudia mara kumi, maana benki inaweza kuona ni jaribio la wizi. Aelekezwe apige simu benki au atumie njia nyingine, na kikapu chake kibaki kama kilivyokuwa.

Kiasi nacho huamua. M-Pesa ya Kenya, tangu kikomo kilipopandishwa mwaka 2023, inaruhusu shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Anayeuza vitenge hatakutana na ukuta huo. Anayeuza majokofu makubwa na seti za sofa atakutana nao, na kwake kadi au uhamisho wa benki ni lazima. Pesalink, iliyoanzishwa na mabenki ya Kenya mwaka 2017, inahamisha hadi shilingi 999,999 papo kwa papo kati ya benki na benki.

Kulipa mzigo ukifika

Hapa hakuna aliyetoa idhini. Mteja amesema atalipa, basi. Na bado njia hii inapendwa sana, kwa sababu inamwondolea mnunuzi hofu yote na kuihamishia kwa muuzaji. Jumia, soko kubwa la mtandaoni, ilipoingia katika nchi nyingi za Afrika ililazimika kuipokea njia hii ili watu waanze kununua kabisa.

Gharama yake hujificha. Haionekani kwenye jedwali la makato ya mtu yeyote. Inaonekana kwenye nauli ya kwenda na kurudi, kwenye bidhaa iliyozunguka mjini siku nzima huku mteja mwingine akiitaka, na kwenye simu zisizopokelewa. Kwa oda ndogo, nauli ya bodaboda ya safari moja iliyokataliwa inameza faida ya oda kadhaa zilizokubaliwa.

Kuliko kuifunga, igawe. Mteja alipe nauli tu kwa ombi la simu wakati wa kuagiza, na bidhaa ailipie mlangoni baada ya kuiona. Wauzaji wengi wa Kariakoo wanaouza kwa Instagram wameshafika hapo wenyewe bila kufundishwa na mtu. Kiasi ni kidogo, lakini aliyeweka namba ya siri kwa shilingi elfu chache hupokea simu bodaboda akipiga. Na malipo ya mlangoni yafanyike kwa Lipa Namba au till ya duka, si keshi mkononi mwa msafirishaji. Inamlinda yeye pia, maana anayezunguka na noti za watu kumi yuko hatarini.

Mzigo wa mikoani una sheria yake. Ukishapakiwa kwenye basi la Mwanza au Mbeya, hakuna wa kudai pesa kituoni. Kwa oda hizo iondoe kabisa njia ya kulipa baadaye kwenye ukurasa, mfumo uitambue anwani na uifiche, kisha umtumie mteja picha ya risiti ya basi mara mzigo unapopakiwa. Wateja wa mikoani wamezoea kulipa kwanza. Wanachotaka ni ushahidi kwamba mzigo umeondoka.

Lipa polepole dhidi ya mkopo wa papo hapo

Njia hizi mbili huchanganywa kwa kuwa zote ni kulipa kwa awamu, ila hatari inakaa pande tofauti.

Lipa polepole ni ile ya zamani: mteja anaweka kidogo kidogo, bidhaa inabaki dukani kwa jina lake, akimaliza anachukua. Hakuna mkopo, hakuna riba, na idhini inayohitajika ni ile ile ya kawaida kwa kila kipande cha malipo. Kwa duka hatari pekee ni bidhaa kukaa na mteja kukata tamaa katikati, kwa hiyo andika mapema muda wa mwisho na utaratibu wa kumrejeshea pesa. Njia hii ina nafasi ya pekee pwani na Zanzibar, kwa wateja wanaoepuka riba kwa imani yao. Bei iliyotajwa siku ya kwanza ndiyo inayolipwa hadi siku ya mwisho, na mtu huyo ananunua kwa moyo mweupe.

Mkopo wa papo hapo unageuza mpangilio. Mteja anachukua bidhaa leo, kampuni ya fedha inakulipa wewe, na yeye anadaiwa na kampuni. Kenya imelizoea wazo hili kupitia M-KOPA, ambayo iliuza umeme wa jua kwa malipo ya kila siku, na Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom ya mwaka 2020, iliyouza simu za 4G kwa shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya awali. Zingatia kwamba hizo ni bidhaa zinazoweza kuzimwa kwa mbali mteja asipolipa. Gauni halizimwi.

Ukiamua kumweka mkopeshaji kwenye ukurasa wako wa malipo, swali la kwanza liwe: napokea pesa yangu lini? Lipa Later, kampuni ya Kenya iliyojulikana sana kwa huduma hii, iliwekwa chini ya msimamizi mwezi Machi 2025. Duka linalokabidhi bidhaa leo na kulipwa na mkopeshaji mwisho wa mwezi limekuwa mkopeshaji wa mkopeshaji. Kubali mkataba wa kulipwa mara moja au ndani ya siku chache, la sivyo kataa. Swali la pili ni la mteja wako: jumla atakayolipa, kwa shilingi, ionekane kabla hajabonyeza. Asilimia kwa mwezi haimsaidii mtu anayepanga ada ya shule. Kenya imeshaanza kuwaweka watoa huduma hizi chini ya Benki Kuu kupitia sheria ya mabadiliko ya sheria za biashara ya mwaka 2024, kwa hiyo uliza leseni.

Usisahau kwamba mkopo upo tayari hata usipouweka. Mteja wa Kenya mwenye salio pungufu anaweza kukamilisha ombi lako kwa Fuliza, iliyoanza 2019, na wa Vodacom Tanzania ana Songesha. Kwako pesa inaingia kamili. Kwake kuna ada inayoendelea kukua deni likikaa. Ndiyo maana, kwenye jibu la salio halitoshi, napenda mteja aonyeshwe kwanza uwezo wa kulipa nusu leo na nusu wiki ijayo kwa utaratibu wa polepole. Ni wewe peke yako, mwenye duka, unayeweza kumpa chaguo hilo bila ada.

Kuunganisha mwenyewe au kupitia kampuni ya kati

Hapa nitakuwa mfupi. Kenya, ukiwa na fundi mzuri na unauzia Wakenya pekee, kuunganisha moja kwa moja na Daraja kunafaa: makato ni ya mtandao tu na pesa iko kwenye akaunti yako. Tanzania, kufanya makubaliano na kila mtandao ni safari ndefu, na kampuni za kati kama Selcom, Pesapal, DPO, AzamPay au ClickPesa zinakupa mitandao kadhaa kwa mkataba mmoja. Kwa kadi, popote ulipo, tumia ukurasa wa kampuni hizo na usihifadhi namba za kadi kwenye mfumo wako hata siku moja. Kabla ya kusaini, uliza pesa inafika benki baada ya siku ngapi, marejesho yanafanywaje na nani anagharimia, na kama utapewa sababu halisi ya kila malipo yaliyokwama. Kampuni isiyokupa sababu imekunyima chombo chako kikuu.

Lingekuwa duka langu, ningepanga hivi

Duka la nguo la Dar es Salaam linalouza mjini na mikoani: ombi la simu juu kabisa, likiwa na uchaguzi wa mtandao, Lipa Namba ijitokeze ombi likikwama, kulipa mlangoni kwa anwani za Dar pekee na nauli ilipwe kwanza. Kadi isubiri. Njia tatu zinatosha, na ukurasa unabaki mwepesi kwa simu yenye bando dogo.

Duka la samani na vyombo vikubwa Nairobi: malipo ya awali kwa ombi la simu, salio kwa Pesalink au kadi kabati likiwa tayari. Lipa polepole liwe wazi kwenye ukurasa wa kila bidhaa, tangu mteja anapotazama bei, kwa kuwa mtu anayehitaji awamu huondoka mapema bila kufika kwenye malipo. Mkopeshaji wa nje aje baadaye, akikubali kukulipa kwanza.

Duka la Mombasa au Zanzibar ambalo wanunuzi wake wengi wako Muscat, London au Toronto na wanawanunulia ndugu nyumbani: kadi iwe ya kwanza, uthibitisho wa 3-D Secure uwe umewashwa, na bei ionekane kwa sarafu moja inayoeleweka kabla ya idhini. Zuia pesa, hakiki mzigo, kisha chukua. Ongeza kiungo cha malipo kinachoweza kutumwa kwa WhatsApp, ili dada aliye nyumbani ajaze kikapu na kaka aliye Muscat alipe bila kuandika anwani upya. Kiungo hicho kiwe na muda wa mwisho, kionyeshe jina la bidhaa na la mpokeaji, na kikishalipwa kijifunge chenyewe, wasije wakalipa ndugu wawili kwa oda moja.